Matanga ya Lambo Lisilochimbwa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walipokuwa na milango ya kufunga, mikeka ya kutandika na majirani wa kusengenya, palikuwa na mji mdogo ulioitwa Mwambani. Ulikuwa mji wa mawe. Mawe juu, mawe chini, mawe yameegemeana kama ndugu wanaosindikizana.

Juu kabisa, ndani ya ufa wa jiwe, aliishi Bi Pimbi na watoto wake wawili, Mashavu na Tunza. Kwa umbo Bi Pimbi hakuzidi kikapu cha mayai. Lakini Mzee Tembo, mwenyekiti wa mji, alipenda kuwaambia wageni kwamba yeye na Bi Pimbi ni wa ukoo mmoja, na asiyeamini atazame kucha zao. Wageni walitazama kucha, kisha wakatazama vimo, kisha wakaitikia kwa adabu.

Mwambani palikuwa pazuri mvua ikinyesha. Mvua ikikatika, kijito kilikauka kikabaki mchanga mtupu, na mwenye kiu alilazimika kushuka mpaka mtoni. Tembo alishuka, akanywa, akarudi. Nyati alishuka, akanywa, akarudi. Bi Kiboko alishuka, akanywa, wala hakuona haja ya kurudi haraka. Wao walikuwa wakubwa. Kule mtoni aliishi Mamba, na Mamba hakujisumbua na wakubwa. Aliwaacha wapite, akasubiri wadogo.

Kiangazi kilichopita, Bwana Pimbi alishuka asubuhi kuchota maji, kibuyu begani. Kibuyu kilionekana baadaye kikielea. Bwana Pimbi hakuonekana tena.

Ndiyo maana Bi Pimbi alilitaka lambo. Lambo, watoto wangu, ni bwawa la kuchimbwa. Mnachimba, mnainua tuta la udongo upande wa chini, mvua inanyesha, maji yanakusanyika, na kiangazi kikija hakuna mtoto wa kutumwa mtoni. Ni kazi ya wenye nguvu. Pimbi hata angechimba mwaka mzima, angepata shimo la kunawia mikono.

Na wenye nguvu walikuwa wamekubali. Hilo ndilo lililomchosha Bi Pimbi kuliko kitu kingine chochote. Kila mwaka walikubali.

Mwaka uliopita mkutano wa kuanza kazi ulifana sana. Mzee Tembo alipanda juu ya jiwe akahutubia. Alianza jua likiwa upande huu, akamaliza likiwa upande ule. Alisema juu ya umoja, akasema juu ya maji, akasema kwa kirefu juu ya babu yake. Mwishoni akauliza kama wamekubaliana, nao wakaitikia kwa sauti moja kwamba wamekubaliana. Wakala, wakaimba, wakaenda zao. Hakuna aliyeuliza wamekubaliana nini.

Kulipokucha, Nyati alikwenda kuchimba bondeni kwenye majani. Bi Kiboko alikwenda kuchimba kinamasini. Tembo alichimba kilimani, karibu na kwake. Walitoa jasho la kweli. Hapakuwa na mvivu hata mmoja. Ila Nyati alipopungukiwa na udongo, alipanda kilimani akauchota kwenye lundo alilolikuta huko, na lundo lile ndilo lililokuwa tuta la Tembo. Mvua ilipokuja ilikuta mashimo matatu, hakuna hata moja lililokamilika. Shwaaa, maji yakapita katikati, yakashuka moja kwa moja mtoni kumsalimia Mamba.

Mwaka huu mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa kuwa wakubwa walikuwa wamenuniana kwa sababu ya mashimo yale. Tembo aliitisha mkutano. Nyati akatuma salamu kwamba ana mafua. Bi Kiboko akatuma salamu kwamba jua ni kali na ngozi yake haiwezi, lakini lolote watakaloamua, yeye yuko pamoja nao. Kwa hiyo pale kwenye jiwe alisimama mwenyekiti, na chini yake walikaa Bi Pimbi, Mashavu na Tunza.

Tembo alihutubia hivyo hivyo. Alipomaliza akatangaza kwamba mkutano umefanikiwa, akaomba makofi. Bi Pimbi akapiga makofi. Watoto nao wakapiga.

Njiani kurudi nyumbani Mashavu aliuliza, "Mama, sasa lambo lipo?"

"Halipo."

"Basi tumepiga makofi ya nini?"

Bi Pimbi aliinua macho. Upande wa mashariki wingu lilikuwa limeanza kukaa, dogo, jeusi, kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Alilitazama, akawatazama watoto wake waliokuwa wakirukaruka mbele yake juu ya mawe. Mvua ikinyesha kabla ya lambo, maji yatapita. Yakipita, kiangazi kitakuja. Na kiangazi kikija, kati ya wale wawili, amtume nani mtoni?

Alipofika nyumbani akaanza kusaga karanga. Chwa, chwa, chwa. Mikono inasaga, kichwa kinasaga. Aliwakasirikia wakubwa wale, kisha akajaribu kuwakasirikia zaidi, akashindwa, maana aliikumbuka siku ya msiba wa mumewe.

Siku ile walikuja wote. Mzee Tembo aliacha kuoga katikati akaja na tope mgongoni. Nyati alikuja na mafua, mafua ya kweli, anapiga chafya njia nzima. Bi Kiboko alitembea kwenye jua la saa sita, ngozi ikampasuka, hakusema neno. Mwili haukuwepo, kwa hiyo walizika kibuyu. Na hapakuwa na hotuba hata moja. Mmoja aliuliza kaburi liwe wapi, mwingine akasema hapa, pana kivuli. Nani anachimba? Mimi. Nani anabeba udongo? Mimi. Nani anatafuta mawe ya juu? Sisi huku. Kabla chungu hakijachemka, kaburi lilikuwa tayari, na kila mmoja alijua amefanya nini na mwenzake amefanya nini.

Mkono wa Bi Pimbi ulisimama juu ya jiwe la kusagia.

Si watu wabaya hawa, alijiambia. Hawajui kuanza kitu, basi. Wanajua kukizika.

Alisimama, akapangusa mikono, akaenda kumwita Chiriku. Chiriku alikuwa ndege mdogo mwenye mdomo mwingi, na mjini hapakuwa na habari iliyotembea bila kupitia kwake.

"Nenda kwa Mzee Tembo," Bi Pimbi alimwambia. "Kisha kwa Nyati, kisha kwa Bi Kiboko. Waambie kuna msiba kwa Pimbi, waje kesho mchana kwenye matanga."

Chiriku alishtuka, manyoya yakamsimama. "Amekufa nani?"

"Wakikuuliza hivyo, wewe lia."

"Nilie tu?"

"Lia tu. Usiongeze neno. Utaweza?"

Chiriku alifikiri. Kulia angeweza, na hata angependa. Kutoongeza neno ndiko kulikomtoa jasho. Lakini alikwenda, na kwa mara ya kwanza maishani alifanya kama alivyoambiwa.

Bi Pimbi akatoa kunde zote alizokuwa amezihifadhi kwa ajili ya kiangazi. Hakubakiza. Akaazima vyungu kwa Nungunungu, akaazima mikeka kwa Digidigi, akapika kunde kwa karanga usiku kucha. Tunza alimuuliza wao watakula nini baadaye. Akamjibu kwamba baadaye haijafika, akoleze moto.

Mchana ukafika. Puu, puu, puu, mawe yakatikisika: Mzee Tembo huyo, amebeba mzigo wa kuni, mkonga umelegea hadi chini. Nyuma yake Nyati, kichwa kimeinama, apchaa, anapangusa pua. Nyuma kabisa Bi Kiboko, pwata, pwata, na boga kubwa kichwani na machozi mashavuni. Hawakuuliza kitu mlangoni, maana Mwambani kuuliza mlangoni nani amekufa ni kukosa adabu. Mtu huingia, huketi, hula, ndipo huambiwa.

Lakini macho huuliza. Bi Pimbi aliona jinsi walivyowatafuta watoto wake. Walimwona Mashavu. Wakamwona Tunza. Tembo akanyoosha mkonga akawagusa vichwa, mmoja kisha mwingine, akashusha pumzi ndefu iliyopeperusha majivu jikoni. Bi Pimbi alitazama pembeni. Hapo ndipo alipojiona mkosaji kidogo. Kidogo tu.

Wakaketi. Kwenye matanga hakuna jiwe la kupanda wala kiti cha mwenyekiti. Ni mkeka, na mkeka haujui mkubwa. Wakala. Tembo aliongezwa, akaongezwa tena.

Sasa, watoto wangu, ijueni desturi ya Mwambani. Matanga hayaanuliwi mpaka kila aliyekula ameeleza mambo mawili: marehemu alikuwaje, na nini kilimuua. Anaposema mmoja, wengine hufunga midomo. Na aliyekula hanyanyuki kabla ya zamu yake. Desturi hii haikuwahi kuvunjwa, hata na Fisi, ambaye alivunja nyingine zote.

Vyungu vilipokuwa vitupu, Bi Pimbi alijitanda kanga, akaketi katikati yao.

"Asanteni kwa kuja, wazee wangu," alisema. "Marehemu ni Lambo."

Taya la Nyati likasimama katikati ya kutafuna.

"Lambo nani?" Bi Kiboko aliuliza polepole.

"Lambo letu, dada. La mwaka huu."

Tembo alikunja paji la uso. "Bi Pimbi, lambo la mwaka huu hatujalichimba."

"Ndiyo, mzee. Limekufa changa sana."

Kisha masikio ya Tembo yakafunguka, fwaap, na mwenyekiti akaanza kuinuka, na mkeka wa Digidigi ukaanza kuchanika chini yake. Alisema kwamba ametoka kwake akilia. Kwamba hakulala. Kwamba amewaza watoto hawa wawili usiku mzima, na sasa anafanyiwa mchezo, yeye, mtu mzima, mwenyekiti, na tena na ndugu yake wa ukoo.

Bi Pimbi alimsikiliza mpaka mwisho. Hakuinua sauti.

"Umekula, mzee," alisema.

Tembo alitazama chungu kilichokuwa mbele yake. Kilikuwa kikavu kama kimelambwa, na kwa kweli kilikuwa kimelambwa. Akashusha masikio. Akaketi, puu, na kilichobaki cha mkeka kikaisha. Akanung'unika kwamba watu waseme upesi waende zao, ana kazi.

"Bwana Nyati, uko karibu na mlango," Bi Pimbi alisema. "Anza wewe. Alikuwaje?"

Nyati alijikuna. Hakuwa msemaji; mikutanoni hukaa nyuma na kuitikia. Lakini kwenye matanga hata bubu hupewa zamu. Akasema kwamba marehemu, kwa jinsi alivyomjua yeye, alikuwa mpana na asiye na kina, amelala bondeni, kingo zake zimeteremka taratibu na majani pembeni, ili mtu anywe akila, ale akinywa. Hapo sauti ikawa nzito.

"Na kilichomuua," alisema, "ni watu waliokuwa wakimchimba kilimani, mahali ambapo maji hayafiki mpaka uyabebe."

Mkonga wa Tembo ukapanda. Bi Pimbi akaweka kidole mdomoni. Mkonga ukashuka.

Ikafika zamu ya Bi Kiboko, naye tayari alikuwa anapenga kamasi. Alisema marehemu alikuwa laini. Tope zuri, zito, baridi, la mtu kulala akazama mgongo wote, jua likimtafuta lisimwone. Wenzake walimtazama.

"Tope?" Nyati aliponyokwa na neno. "La kunywa?"

"La kunywa?" Bi Kiboko alimtazama naye, macho yamemtoka. "Kwani lambo lilikuwa la kunywa?"

Bi Kiboko akageuka huku na huku, kisha akaufunika uso kwa kiganja.

"Mimi nilidhani mnanichimbia mimi," alisema. "Kwa ajili ya ngozi yangu. Nilikuwa nikichimba kule kinamasini nashangaa wema wenu."

Mashavu, aliyekuwa amejificha nyuma ya chungu, aliona kicheko kikimpanda mama yake kooni na mama yake akikimeza. Bi Kiboko akamalizia kwa sauti ya chini. Alisema hajui kilichomuua marehemu, ila anajua kwamba mwaka huu alipoitwa alituma salamu kuwa yuko pamoja nao, na hakuwa pamoja nao.

Zamu ya Tembo.

Tembo alisafisha koo. Akaanza kwa kuwasalimu ndugu wananchi, kisha akasita. Alikuwa chini. Magoti yamekunjwa, macho ya wengine yako sawa na yake, na mbele yake wamekaa watu watatu waliokula naye. Hotuba haikupata pa kusimama.

Akasema marehemu alikuwa wa kina. Kina cha kumfikia mtu mbavuni, cha kuvuta maji kwa mkonga na kujimwagia, chwaaa, kichwa mpaka mkia. Na alipaswa kuwa kilimani, karibu na kwake, kwa sababu... Akajipapasa goti kwa mkonga.

"Kwa sababu ya magoti," Tembo alisema. "Kushuka mtoni naweza. Kupanda, siku hizi, napumzika njiani mara nyingi. Sikutaka watu wajue mwenyekiti anapumzika njiani."

Bi Kiboko alisema pole, ingawa haikuwa zamu yake, na hakuna aliyemkemea.

"Na kilichomuua marehemu," Tembo aliendelea, sauti ikipata nguvu tena, "ni wizi. Tuta langu liliibiwa udongo mwaka jana. Nililiinua kwa pembe zangu hizi, asubuhi nikalikuta nusu."

Nyati aligeuka mzima mzima. "Lile lilikuwa tuta?"

"Tuta!"

"Mzee, mimi nilidhani lundo. Naapa. Ungesema kwamba ni tuta."

"Nilisema mkutanoni."

"Mkutanoni ulisema juu ya babu yako."

Tembo alifungua mdomo kubisha. Alitafuta ndani ya hotuba yake yote ya mwaka ule, mwanzo mpaka mwisho, akitafuta mahali aliposema neno tuta. Halafu tumbo lake likaanza kutikisika. Likatikisika kidogo, likatikisika zaidi, na kicheko kikatoka kupitia mkonga, puuuu, kikamwagia kila mtu vumbi. Nyati akacheka akapiga chafya, akapiga chafya akacheka. Bi Kiboko alicheka huku analia, maana alikuwa ameshaanza kulia na hakuona sababu ya kuacha.

Bi Pimbi hakucheka. Aliwangoja watulie.

"Nimebaki mimi," alisema. "Wangu alikuwa karibu, kiasi cha kumwona nikiwa mlangoni. Na upande mmoja alikuwa na maji mafupi, ya mtoto kuweka mguu na kuutoa. Basi. Sikuwahi kuwaambia. Mliponiambia nipige makofi nilipiga, kwa hiyo na mimi nimo katika waliomuua."

Akaikaza kanga yake.

"Mlinizikia mume wangu vizuri sana. Sitasahau. Sasa nawaomba mnizikie na huyu, kabla hajanimalizia watoto. Kaburi lake liwe wapi?"

Na hapo, watoto wangu, likatokea lile alilolisubiri. Hakuna aliyesimama kuhutubia. Waliinamisha vichwa pamoja kama watu waliokwisha zika wengi, na maneno yakaanza kwenda na kurudi, mafupi, ya chini.

Nyati alisema bondeni pafutwe, maji hupita kwa kasi. Tembo alitaka kutaja kilimani, akayakumbuka maneno ya Nyati, akaacha. Bi Kiboko, ambaye hakuwahi kutoa shauri mahali popote, akauliza kama kuna ubaya wowote wa pale kijito kinapopinda chini ya mawe. Pana udongo mzito, usiopitisha maji. Yeye anaujua udongo. Amelala juu ya kila aina.

Wakapatazama. Palionekana kutoka mlangoni kwa Bi Pimbi. Kwa magoti ya Tembo palikuwa nusu ya njia.

Kaburi liwe kubwa kiasi gani? Kama marehemu mwenyewe, alisema Bi Pimbi, wala msimbane. Basi upande wa ndani liwe la kina, kwa marehemu wa Tembo. Upande wa majani literemke taratibu, kwa marehemu wa Nyati. Upande wa mawe maji yawe mafupi kabisa, kwa watoto. Na chini ya tuta, pale maji yatakapovujia kidogo kidogo, pabaki tope, na asilisogelee mtu mwingine isipokuwa Bi Kiboko.

Nani anavunja ardhi? Nyati, kwa pembe. Nani anabeba udongo? Tembo. Nani anashindilia tuta? Bi Kiboko aliuliza kushindilia ndiyo nini, akaambiwa ni kukanyagakanyaga mpaka udongo ushikane, akasema kwamba kama ni hivyo hakuna mtu duniani anayemzidi. Na nyufa za kwenye mawe, zinazopitisha maji bila mtu kujua? Hizo za wadogo, alisema Bi Pimbi. Nungunungu, Digidigi, yeye na wanawe.

Kisha akawaomba jambo moja la mwisho. Kila mtu ataje kazi ya jirani yake, si yake. Nyati akasema Tembo atavunja ardhi. Tembo akasema siyo, wewe ndiwe unayevunja. Nyati akashangaa, akashukuru kuambiwa mapema, wakarudia upya, na safari hii hakukosea mtu.

Tembo alikuwa ameanza kuwapanga nani atangulie asubuhi, mara akaacha. Alipatazama pale kijito kinapopinda. Akalitazama wingu, ambalo sasa lilikuwa limekalia robo ya mbingu. Akamgeukia Bi Pimbi polepole.

"Niambie," alisema. "Kaburi hili tukilichimba kama tulivyosema, mvua ikinyesha likajaa maji, litaitwaje?"

"Litaitwa lambo, binamu," Bi Pimbi alimjibu. "Ila ningewaita kulianza, msingekuja."

Tembo alimtazama. Kisha akanyoosha mkonga akamwinua yeye na kanga yake, akamweka kichwani pake, kati ya masikio, akasema kwamba siku nyingine Mwambani ikiwa na kazi ya pamoja, mkutano utaitishwa na huyu, na utafanyika kwenye mkeka.

Asubuhi wakaanza. Ti, ti, ti, pembe za Nyati ardhini. Gaa, udongo ukamwagwa. Pwata, pwata, pwata, Bi Kiboko juu ya tuta, anaimba. Waligombana, ndiyo, Nyati aliteremsha upande wake kupita kiasi, Tembo akamwambia, Nyati akanuna, akarekebisha. Lakini waligombania shimo moja.

Mvua ikaja kabla tuta halijakauka vizuri. Ilinyesha kama iliyokuwa na kisasi. Maji yakapanda, na upande wa kushoto tuta likaanza kutoa jasho, kisha kutiririka. Bi Pimbi alipiga kelele kutoka juu ya mawe. Hapakuwa na muda wa kuulizana kazi hii ya nani, na hakuna aliyeuliza, kwa kuwa kila mtu alijua. Bi Kiboko alikwenda akaketi juu ya tundu. Tembo akamletea udongo, Nyati akauvunja, wadogo wakaujaza pembeni yake kwa mikono, na yeye akakaa pale pale, mvua inampiga, hakutikisika. Alisema baadaye kwamba ilikuwa mvua tamu kuliko zote alizowahi kunyeshewa.

Tuta likashika.

Kunde za Bi Pimbi zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo miezi ile alikula kwa majirani, leo kwa huyu, kesho kwa yule, na hakuna aliyemhesabia.

Kiangazi kilipofika, kijito kilikauka kama kawaida yake. Tunza akatumwa maji. Bi Pimbi alisimama mlangoni akamsindikiza kwa macho, jiwe kwa jiwe, mpaka ukingoni. Akamwona akiweka mguu majini, akiutoa, akiuweka tena, akichezea matone. Alimwangalia kitambo. Kisha akaingia ndani kubandika chungu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kuangaliwa.

Hurafa yangu imefika kwenye maji, imelala. Nami nasema hivi tu: kazi ya wengi hufa siku inapoanza, ikiwa kila mtu amekubali na hakuna aliyesema anataka nini.